Kikombe cha Kwenye Msumari

Watu wa kazi yangu wakifika kwenye nyumba inayouzwa huanzia mbele. Wanaangalia paa, wanapima sebule kwa macho, wanagongagonga ukuta. Mimi huanzia nyuma. Nazunguka mpaka kwenye mfereji wa nje, lile bomba la maji, pale wanapooshea magari na kumwagilia maua, nikatazama ukutani kama kuna msumari. Nikiuona msumari, naangalia kama kuna kikombe. Nikishakiona kikombe, nyumba hiyo nimeijua, na wenyewe nimewajua hata kabla hatujasalimiana. Hayo mengine ya vyumba vingapi na bafu ngapi naandika tu kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

Wiki iliyopita nilienda kuthamini nyumba moja pale Milimani, Nakuru. Nikazunguka nyuma. Msumari ulikuwepo, ule ule ninaoujua, umeliwa na kutu. Kikombe hakikuwepo. Nikasimama pale kama mtu aliyeibiwa. Na hewani kulikuwa na ile harufu ya kayaba iliyotoka kukatwa, majani mabichi na matunda yaliyopondeka, uchachu unaoshika koo. Kwa jirani kulikuwa na mtu anapunguza ua. Nikawa tena na miaka tisa, nikaanza kumchukia yule mama upya kabisa.

Wacha nieleze. Baba yangu alikuwa fundi wa fensi. Si fensi ya waya wala ya mawe, ni ya kayaba, ule mti wa miiba mirefu ambao matajiri wa kwetu walizungushia nyumba zao kabla ya waya wa stima kuja. Watu wa rika langu mnaujua. Mwiba wake ukikuchoma jioni, asubuhi kidole kimefura. Baba alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, halafu akakata kwa makasi makubwa mpaka juu pakawa sawa, ungeweka yai lisibingirike. Tulikaa Bahati. Kila asubuhi aliteremka mjini kwa baiskeli, makasi yamefungwa kwenye fremu kwa mpira wa tairi, na shule zikifungwa alinibeba nyuma, maana mama alikuwa kibarua kwa mashamba ya watu na hakukuwa na mtu wa kubaki na mimi. Kazi yangu ilikuwa kukusanya matawi kwa reki.

Kwa hiyo nilizijua nyumba za matajiri kuliko mtoto yeyote wa darasa letu, ila nilizijua kwa nje. Mwanzoni niliamini fensi zile zilikuwa za kuwazuia matajiri wasitoke. Niliwahurumia, jamani! Niliona mlinzi, geti la chuma na miiba pande zote, nikamuuliza Baba walifanya makosa gani hawa watu. Baba alicheka mpaka makasi yakamponyoka.

Na kwa kuwa ndani hatukuingia, nilizipima nyumba kwa kile kilichotoka nje. Njoro, kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi, wenyewe sasa wakiwa watu wa kanisa na ng'ombe wa maziwa, nyumba zilikuwa na dohani za mawe na veranda ndefu, na chai ilikuja nzito kwenye kikombe kile kile alichonywea mwenye shamba. Mama wa pale alitupigia kelele kutoka jikoni, "Ingieni, mnaogopa nini? Mahindi yanapoa!" Karibu na mjini kulikuwa na nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa. Nyanya yao alitoka mwenyewe na bilauri ya chuma na dengu za kukaanga, akamwonyesha Baba jinsi ya kuinua bilauri juu na kumimina maji mdomoni bila midomo kugusa. Nikadhani ni sisi tunaogopwa. Kumbe naye alikunywa vivyo hivyo, na wajukuu wake wote. Mimi nilijimwagia kifuani, tukacheka pamoja. Naivasha, kwenye majumba ya kando ya ziwa yenye nyasi mpaka majini, tulipewa maji ya mpira wa kumwagilia bustani, na mlinzi akasimama hapo akitazama saa.

Lakini Milimani ndiyo ilikuwa Milimani. Barabara zilifunikwa na maua ya jakaranda, na hata mbwa wa pale walibweka wakiwa wamelala. Na katika Milimani yote hakukuwa na nyumba kama ya yule mama, Madam kama tulivyomwita. Kuta nyeupe, vigae vyekundu, dirisha la mbele la duara lenye pazia zito, na nyuma, juu ya mfereji wa nje, kikombe kimoja cha bati, cha kijani, ukingo umebanduka rangi, kinaning'inia peke yake kwenye msumari.

Siku ya kwanza Madam alitoka kwenye ngazi za jikoni akakionyesha kwa kidole. "Mzee wa fensi, kikombe yako ni hiyo. Ukimaliza kunywa, rudisha kwa msumari. Hapa nyumbani hakuna mtu mwingine anaguza hiyo."

Sasa nieleweni vizuri hapo. Kwetu Bahati tulikuwa watu sita na vikombe vitatu. Aliyewahi alikunywa, aliyechelewa alisubiri. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuwa na kikombe chake. Na hapa kwenye nyumba ya vikombe vya maua vilivyojaa kabati, baba yangu alikuwa amewekewa cha kwake, na watu wote wamekatazwa kukigusa! Mimi nilisikia heshima. Baba alipoenda upande wa barabara, niliokota msumari mwingine kwenye mchanga nikachora herufi B chini ya kitako. B ya Baba. Ili mtu asije akajidai ni chake.

Jioni ile nilimwambia mama kabla hata sijavua viatu. "Baba ana kikombe chake huko Milimani! Madam amesema hakuna mtu mwingine anaguza!"

Mama alimwangalia Baba. Baba aliangalia ndani ya sufuria.

"Chai imeiva?" akauliza.

Shuleni nilitangaza. Kuna watoto ambao baba zao walikuwa na ng'ombe, mwingine babake alikuwa na pikipiki, lakini hakuna aliyekuwa na baba mwenye kikombe chake Milimani. Niliwatambia muhula mzima. Mpaka leo nikikumbuka ule muhula nahisi joto masikioni.

Agosti iliyofuata Madam akamwita Baba tena. Safari hii alikuwa anaandaa sherehe kubwa ya Jumamosi, wageni wa mbali na wa karibu, na alitaka ua wote ukatwe kama uwanja. Akamwambia Baba, mimi nikiwa nimesimama hapo na reki yangu, kwamba fensi ikiwapendeza majirani zake atawaambia wampe zao, barabara nzima, mwaka mzima. Mnaelewa hiyo ilikuwa na maana gani? Kazi za mjini zikiisha, Baba alikuwa akienda Naivasha na Gilgil kutafuta nyingine, analala huko wiki mbili tatu, anarudi tumesahau pa kumwekea sahani. Barabara ile moja ingemtosha. Angelala nyumbani kila siku. Nilimsikia akimwambia mama hivyo, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuharibu kitu kwa kukitaja.

Alikata siku tano. Sijawahi kumwona akikata vile. Kufika Jumamosi asubuhi pande tatu zilikuwa tayari, umebaki upande wa barabara, na wageni wakaanza kufika mapema. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mfereji nafunga matawi. Ndipo akatokea Lorna, binti ya Madam, rika langu, gauni jeupe na soksi zenye lesi ya kupendeza.

"Niko na kiu," akasema. "Jikoni wamenifukuza. Ati nitachafuka."

Ee Mungu, nilifurahi! Mtoto wa nyumba ile ananiomba mimi. Nikafikiri, tukikosa vyote, ukarimu tunao. Nikamwambia, "Nitakupatia na kikombe ya Baba. Lakini leo tu. Haiguzwangi na watu."

Nikakishusha. Nikakisugua kwa mchanga safi, nikakisuuza mara tatu, nikakijaza, nikampa kwa mikono miwili kama mama alivyonifundisha kumpa mgeni. Lorna akanywa chote. Akafuta mdomo, akasema maji yalikuwa matamu.

Madam akatokea kwenye kona na wageni wawili, anawaonyesha fensi. Alipiga nduru. Nilidhani ameona nyoka.

"Lorna! Tema! Tema hiyo maji!" Alikipiga kikombe kikaruka mpaka kwenye mtaro. Akamshika mwanawe taya, akamvuta mferejini, akamsukutua mdomo kwa kiganja, kisha akaitisha chumvi kutoka jikoni akamsukutua tena, mpaka Lorna akatapika kwenye gauni lake jeupe. "Hiyo ni kikombe ya vibarua! Vibarua, Lorna! Unataka kuniletea magonjwa kwa nyumba?"

Mgeni mmoja akacheka. "Usijali, labda ataota tu ndevu kama ya fundi." Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyenieleza. Muhula mzima wa kutamba ulinirudia kwa mara moja, pamoja na mama alivyomwangalia Baba, na Baba alivyoangalia sufuria. Alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua, akaniacha nifurahi.

Baba alikuja mbio kutoka barabarani, makasi mkononi, majani kwenye kofia.

"Mzee, chukua mtoto wako na vitu zako mwende," Madam akasema.

"Madam, upande mmoja umebaki."

"Nimesema mwende."

Baba akavua kofia. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, nimezika watu, lakini ile kofia ikivuliwa ndiyo naiona nikifumba macho. Akasema, "Madam, niruhusu nimalize. Hata usinilipe huo upande. Fensi haiachwi nusu."

"Unanijibu?"

Tukaondoka. Alikokota baiskeli badala ya kuipanda, mpaka tulipotoka kabisa kwenye kivuli cha jakaranda. Nilipogeuka nikamwona mfanyakazi wa jikoni anakiokota kikombe mtaroni, anakipangusa na aproni, anakirudisha kwenye msumari kumsubiri kibarua atakayefuata. Fensi ilikuwa sawa pande tatu, na upande wa barabara imesimama ovyo, mbele ya wageni wote. Hiyo ilinifurahisha kidogo. Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa na kingine cha kunifurahisha.

Kufika Jumatatu hakuna geti lililofunguka barabara ile. Madam alikuwa na mdomo, na Milimani wanasikilizana. Baba akarudi Naivasha, na safari hii akawa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, vidole vimefura, watoto wadogo wanamkimbia kama mgeni. Hakunikemea hata siku moja. Laiti angenichapa! Ningelia, tungemaliza. Badala yake aliniletea karanga.

Kwa hiyo chuki yote nikampelekea Madam, na nilimpelekea kwa moyo wote. Watoto wengine waliombea mitihani; mimi nilimwombea Madam. Niliomba kayaba yake iote usiku na mchana mpaka izibe mlango na lile dirisha la duara, apige kelele ndani na mtu wa kuikata asipatikane Nakuru nzima. Niliomba afe kiu karibu na mfereji. Mchungaji alituambia tusamehe, nami nikaitikia amina, nikijua nafsini kwamba hiyo haimhusu yule. Malipo ni hapa hapa duniani, nyanya yangu alikuwa akisema, na mimi nilichotaka ni kuwepo siku ya kulipwa.

Nikakua, nikasoma, nikaingia kazi hii ya kuthamini nyumba. Watu hudhani niliipenda kwa ajili ya majumba. Ukweli ni kwamba niliipenda kwa sababu unaingia kwa mlango wa mbele na wenyewe wanakuogopa. Nimeyapima yote sasa, kwa futi na kwa kikombe. Njoro wanauza mashamba vipande vipande, lakini bado wanakuuliza kama umekula. Bahati kumejaa majumba ya nguzo nene ya watu waliorudi kutoka ng'ambo, ngazi za marumaru na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwa fundi. Kule Gilgil wamejenga makao ya kifahari ndani ya migunga, geti linalofunguka lenyewe, bwawa la kuogelea mbele ya kila nyumba, na kibarua anapewa chupa ya maji iliyofungwa kwa karatasi yenye jina la mtaa. Inaonekana kama heshima. Mimi naijua. Ni kikombe cha msumarini, ila hiki hakirudi kabisa. Siku nikitoka huko napitia Kikopey kwenye vibanda vya nyama choma, naagiza mbuzi, naletewa nyama kwenye ubao wa mti, na mwenye gari kubwa na dereva wa lori wote wanakula kwa vidole ubao mmoja. Hapo ndipo roho yangu hutulia kidogo.

Simu ilipolia, na mwanamke akasema anaitwa Lorna, anataka kuuza nyumba ya mama yake Milimani, nilikaa kitini. Hakujua mimi ni nani. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeifanyia mazoezi miaka thelathini na zaidi, nikioga, nikiendesha gari: "Madam, mimi ni mtoto wa mzee wa fensi, uliyemfukuza kwa sababu ya kikombe." Nilitaka kuisema sebuleni kwake, nimeketi.

Nilipitia Bahati kumwambia Baba. Anaketi tu siku hizi, kidole gumba hakikunjiki. Alifikiri kidogo, akauliza, "Ule upande wa barabara, waliumaliza?"

"Nitaangalia, Baba."

Kayaba yenyewe ilishang'olewa. Ni ukuta, na waya wa stima juu. Hilo sijamwambia.

Basi nikatoka pale nyuma kwenye msumari mtupu, nikaingia sebuleni kwa mlango wa mbele. Lorna, mtu mzima sasa, mnene, mchangamfu, akanikaribisha karibu na lile dirisha la duara, akanipa chai kwenye kikombe cha maua na kisahani chake. Kisha akamwongoza mama yake kwa mkono, akamketisha mbele yangu. Madam alikuwa amekuwa mdogo kama mtoto, mabega ndani ya shali, mikono inatetemeka. Lorna akamwekea chai yake.

Kikombe cha bati. Cha kijani, ukingo umebanduka.

"Anavunja kila kitu," Lorna akaninong'oneza. "Hii tu ya nje ndio haivunjiki. Alikuwa anaikataa, nikamwambia ni yake special. Sasa hata hataki mtu aiguze." Akacheka. Nilimtazama usoni nikitafuta yale maji, ile chumvi, lile gauni. Hakukuwa na kitu. Alishasahau. Akaenda kutafuta hati ya nyumba.

Tukabaki wawili. Madam akakiinua kikombe kwa mikono miwili anywe, na kitako kikanigeukia. B yangu ilikuwa pale, imepinda, ya mtoto. Nikainama mbele.

"Mama, unakijua hicho kikombe?"

Alikivutia kifuani haraka, chai ikamwagikia shali. "Ni yangu," akasema. "Hapa nyumbani hakuna mtu mwingine anaguza hii." Na akatabasamu. Kwa fahari! Ule uso niliujua. Ndio niliokuwa nao mimi jioni ile, nikimwambia mama kabla sijavua viatu.

Sentensi yangu ilikuwa kwenye ulimi. Sasa, mtu asije akanihesabia wema. Sikumhurumia. Nilifikiri tu kwamba nikimwambia, ataumia dakika moja, na kufika jioni atakuwa amesahau. Nikinyamaza, ataletewa kile kikombe asubuhi, mchana na jioni, mpaka mwisho, na atashukuru.

"Kweli kabisa, mama," nikamwambia. "Hicho ni chako."

Nilimaliza chai yangu polepole, nikimwangalia akinywa yake. Lorna akarudi na karatasi, nikamwambia naenda nyuma kupima uwanja. Akamnyang'anya mama yake kikombe taratibu, akanipa.

"Kwa vile unapita huko, nisaidie uirudishe kwa msumari. Hatuichanganyi na za jikoni."

Nilikisugua kwa mchanga, nikakisuuza mara tatu. Nikapitisha kidole juu ya ile B. Mkoba wangu ulikuwa wazi, na Bahati si mbali, ningempelekea Baba kabla ya giza. Nikakitundika kwenye msumari, nikahakikisha kimekaa sawa. Kesho asubuhi mwenyewe atakihitaji.